Mshahara Una Mlango Mmoja, Bei Ina Milango Elfu

Tarehe 1 Mei 2025, Siku Kuu ya Wafanyakazi, ilitangazwa mjini Singida kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapandishwa kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kwa mwezi, kuanzia mwezi wa Julai. Wafanyakazi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini katika nyumba nyingi furaha ile ilifuatwa na swali. Nyongeza itaingia mfukoni Julai. Je, mwenye nyumba, mwenye duka na mwenye genge nao watangoja mpaka Julai?

Swali hilo si geni. Lina umri mkubwa kuliko wengi wetu tunaolisoma gazeti hili. Taifa letu limekwisha kujaribu kuushika mshahara kwa mkono mmoja na bei kwa mkono wa pili, na yaliyotupata katika jaribio lile ni mafunzo tuliyoyalipia kwa gharama kubwa. Mtu aliyelipa ada ya shule hana sababu ya kulisahau somo. Kwa hiyo leo twapenda kulirudia somo hilo, mbele ya wafanyakazi na mbele ya viongozi, bila kuuma maneno.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Mshahara nao ni bei: ni bei ya kazi ya mtu. Vitu vyote vinapopanda kwa haraka, serikali yo yote duniani hushikwa na hofu, na hofu hiyo si ya bure, maana shilingi inayoyeyuka huwaumiza kwanza wale wasio na kitu kingine ila shilingi. Ndipo serikali huwaita watu na kuwaambia: ninyi wafanyakazi, msidai nyongeza kubwa, nanyi wafanyabiashara, msipandishe bei, tuvumiliane mpaka moto upoe. Hayo ni mapatano. Yana upande wa mshahara na upande wa bei, na uadilifu wake ni kwamba pande zote mbili zitimizwe kwa pamoja.

Lakini tazama jinsi pande hizo mbili zilivyo. Mshahara umeandikwa katika daftari moja, hutiwa sahihi na mtu mmoja, hulipwa siku moja katika mwezi. Afisa mmoja mwenye kalamu aweza kuizuia mishahara ya watu elfu kumi kabla ya saa nne asubuhi. Bei haiko hivyo. Bei imo dukani, gengeni, ghalani, kituoni, chumbani kwa mpangaji na katika kikapu cha mchuuzi. Zaidi ya hayo bei ina ujanja. Sabuni ikipunguzwa ukubwa nayo ikauzwa kwa shilingi zile zile, bei imepanda. Kopo la kupimia mchele likibonyezwa kitako, bei imepanda. Muuzaji akikuambia kwamba sukari huipati mpaka ununue na wembe usiouhitaji, bei imepanda, ijapokuwa tangazo la serikali lingali limebandikwa ukutani nyuma yake.

Basi mapatano yanapofanywa, upande wa mshahara hutimizwa siku ile ile, na upande wa bei hutimizwa kwenye karatasi. Hili ndilo neno letu la leo. Anayemwomba mfanyakazi auvumilie mshahara mdogo kwa ajili ya taifa hana budi kuipima ahadi ya bei mahali bei inapoishi, yaani pale kwenye rafu ya duka, wala si katika orodha iliyopigwa chapa.

Turudi nyuma kidogo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni iliweka bei za amri, na mijini vyakula vikagawanywa kwa kipimo. Mshahara wa mtu mweusi ulibaki mdogo kama ulivyokuwa, kwa kuwa huo ulikuwa rahisi kuushika. Vitu vikahamia gizani, navyo vikauzwa kwa bei ya gizani. Vita ilipokwisha, subira nayo ikaisha. Mwezi wa Januari 1947 mji wa Mombasa ulisimama: maelfu ya watu wa bandarini, wa reli, wa hotelini na watumishi wa majumbani waliacha kazi. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo makuli wa bandari ya Dar es Salaam nao waligoma, na mgomo wao ukapanda reli kwenda bara. Mwaka 1948 ikawa zamu ya Unguja. Wakoloni walitafuta wachochezi. Walisahau kwamba chakula kinapopanda na mshahara ukakaa, hahitajiki mchochezi. Jiko lenyewe huchochea.

Baada ya Uhuru hali iligeuka. Sheria ya kima cha chini ya mwaka 1962 iliiinua mishahara, na katika miaka michache mtu mwenye kazi ya kulipwa aliona mabadiliko nyumbani mwake. Lakini waajiri nao walipiga hesabu zao. Idadi ya walioajiriwa ikapungua, hasa katika mashamba ya mkonge, na mkulima wa kijijini, ambaye ndiye wengi wetu, akabaki nyuma akitazama. Taifa likaanza kujiuliza: Uhuru huu ni wa nani?

Mwezi wa Oktoba 1966, baada ya wanafunzi wa Chuo Kikuu kuandamana kuyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere aliukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya wakubwa wengine serikalini ikapunguzwa pia. Tarehe 5 Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Mwaka huo huo Profesa H. A. Turner, aliyeletwa kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, alitoa taarifa yake juu ya mishahara, mapato na bei. Alionyesha kwamba mishahara ya walioajiriwa ilikuwa imepanda upesi mno kuliko pato la mkulima. Serikali ilikubali, ikaamua kwamba nyongeza ya mshahara isizidi asilimia 5 kwa mwaka, nayo iende pamoja na ongezeko la kazi inayofanywa. Baraza la kudumu likaundwa kwa sheria ili kuyachungua mapatano yote kati ya waajiri na NUTA, chama cha wafanyakazi cha wakati ule.

Twasema wazi kwamba hoja ile ilikuwa na haki ndani yake. Haikuwa haki karani wa Dar es Salaam apande ngazi kila mwaka huku mlima pamba wa Shinyanga akikaa chini. Tena iliombwa kwa njia ya haki, maana aliyewaomba wengine wajibane alikuwa amekwisha kujibana yeye. Wafanyakazi walinung'unika, lakini walikubali. Walipokubali, waliweka kitu mezani: waliiweka nguvu yao ya kudai. Nani aliweka nini upande wa pili wa meza? Upande wa pili iliwekwa ahadi ya bei.

Ahadi hiyo ilipata chombo chake mwaka 1973, sheria ilipounda Tume ya Bei ya Taifa. Lakini mwaka ule ule ukame uliikamata nchi, na mafuta ya petroli yakapanda katika dunia nzima mara kadhaa. Mwaka 1974 na 1975 fedha za kigeni zilikwenda kununua nafaka ng'ambo ili watu wasife njaa. Serikali haikukaa kimya. Kima cha chini cha mijini, kilichokuwa shilingi 240 kwa mwezi mwaka 1972, kilipandishwa hadi shilingi 340 mwaka 1974, na shilingi 380 mwaka 1975. Hapo kikasimama. Kilisimama mpaka mwaka 1980, kilipofanywa shilingi 480.

Miaka mitano! Katika miaka hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikapiganwa mwaka 1978 na 1979, na mafuta yakapanda mara ya pili. Orodha ya bidhaa zilizopangiwa bei ilirefuka mpaka ikahesabiwa kwa maelfu. Kila kitu kilikuwa na bei halali: unga, sukari, sabuni, khanga, betri, matairi ya baiskeli. Kilichokosekana ni kitu chenyewe.

Wazazi wetu walitusimulia habari za foleni za miaka ile, nasi wengine tulitumwa utotoni tukashike nafasi. Kila bidhaa ilikuwa na bei tatu. Ya kwanza ni bei ya tangazo, ambayo mtu aliisoma. Ya pili ni bei ya foleni, ambayo mtu aliilipa kwa nusu siku ya kazi na mara nyingi akarudi mikono mitupu. Ya tatu ni bei ya mlango wa uani, ambayo mlanguzi aliitaja kwa sauti ya chini. Kulikuwa na watu walioipata sukari kwa bei ya tangazo bila foleni, nao ni wale wenye jamaa ghalani au wenye kimemo cha mkubwa. Hapa ndipo jambo lilipouma. Bei nafuu, iliyowekwa kwa ajili ya mnyonge, ikawa haki ya mwenye cheo. Na mnyonge, ambaye mshahara wake ulizuiwa kwa sababu ya bei hiyo nafuu, alikwenda kununua kwa mlanguzi.

Huo ndio ubaya wa mapatano yaliyotimizwa upande mmoja. Haukuwa ubaya wa nia. Nia ilikuwa njema, na waliofanya kazi ile wengi walikuwa watu waaminifu. Lakini kwenye kaunta ya duka nia njema haipimwi kwa kilo.

Wala si mfanyakazi peke yake aliyeumia. Twamwomba msomaji asimame hapa kidogo, maana jambo hili husahauliwa sana mijini. Mkulima hapokei mshahara. Mshahara wake ni bei ya gunia. Unga wa mjini ulipotakiwa uwe rahisi, njia iliyokuwa karibu zaidi ni kulishika gunia lake. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 mahindi yalinunuliwa kwa bei moja nchi nzima. Jambo hilo liliwasaidia wa mbali, lakini likawaacha wa karibu na soko wakiona wanapunjwa. Vyama vikuu vya ushirika, vyao wenyewe, vilivunjwa mwaka 1976. Malipo yalichelewa. Mkulima akafanya lile ambalo makuli wa mwaka 1947 walilifanya: aligoma. Mgomo wake haukuwa na mabango wala hotuba. Alilima ya kumtosha nyumbani, na ziada akaiuza usiku. Ghala la taifa likapungukiwa, na foleni ya mjini ikarefuka. Hivyo mkono uliolishika gunia ndio huo huo ulioikausha rafu. Aliyetaka kumsaidia mfanyakazi kwa kumbana mkulima aliwaumiza wote wawili.

Mwaka 1983 hasira ya taifa ilifika kooni. Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi na walanguzi, na watu wakaona kwa macho yao vitu vilivyokuwa vimefichwa. Wengine walivitupa usiku wasikutwe navyo. Sokoine alikuwa mtu mwenye mikono safi, na wananchi walimwelewa. Kifo chake cha tarehe 12 Aprili 1984 kilililiza taifa zima. Lakini ukweli hauna budi kusemwa kwa heshima yake. Msako huonyesha kilichofichwa; hauwezi kuonyesha kilichokuwa hakikuzalishwa. Maduka yalifunguliwa, yakapekuliwa, kisha yakawa matupu kuliko mwanzo.

Ndipo mwaka 1984 bajeti ilipogeuza njia. Ruzuku ya sembe iliondolewa, watu wenye fedha zao nje wakaruhusiwa kuleta bidhaa, na kima cha chini kikapandishwa kutoka shilingi 600, kilipokuwa tangu mwaka 1981, hadi shilingi 810. Hesabu yake ni chungu. Kutoka mwaka 1974 mpaka 1984 mshahara wa chini kabisa haukufika mara mbili na nusu ya ulivyokuwa, hali bei zilipanda mara nyingi kuliko hapo. Uwezo wa mshahara ule kununua ulikuwa umepungua kwa zaidi ya nusu. Hivyo ndivyo mfanyakazi alivyolipia kipindi kile kilichoitwa kipindi cha kudhibiti bei.

Mtu asidhani kwamba haya ni ya nchi maskini tu, au ya nchi iliyochagua ujamaa. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Nixon wa Marekani, mtu asiyeweza kushukiwa ujamaa, alizisimamisha bei zote na mishahara yote kwa siku 90. Baadaye yaliundwa mabaraza mawili, moja la bei na moja la mishahara, na nyongeza ya mshahara ikawekewa kikomo cha asilimia 5.5 kwa mwaka. Mwezi wa Juni 1973 bei zilipofungwa tena na chakula cha kuku kikabaki ghali, wafugaji waliona ni hasara kuwalea vifaranga, wakawaua kwa maelfu mbele ya kamera za televisheni. Mwezi wa Aprili 1974 mpango wote ulikwisha, na bei zikaruka juu kuliko zilivyokuwa ulipoanza. Taifa tajiri kuliko yote, lenye makarani na hesabu za kila namna, lilishindwa kuilinda milango elfu. Mshahara wenye mlango mmoja ndio uliolindika.

Sasa wako watakaotupigia makofi kwa sababu mbaya. Watasema: mwaona! Basi iacheni bei ijiendee, liacheni soko liamue kila kitu. Hao nao twawaambia polepole. Baada ya mwaka 1984, na zaidi baada ya 1986, vitu vilirudi madukani. Hilo ni kweli, na ni jambo jema. Lakini mshahara haukurudi navyo. Mfanyakazi aliyekuwa akikosa sabuni kwa sababu haipo alianza kuikosa kwa sababu hana fedha. Mwalimu akauza maandazi wakati wa mapumziko, mganga akafungua duka la dawa, karani akaondoka ofisini saa sita kwenda shambani. Rafu iliyojaa vitu usivyoweza kuvinunua ni afadhali kwa mpita njia. Kwa mwenye watoto ni dirisha la kutazamia. Soko lina akili nyingi, lakini halina huruma, wala halikuumbwa liwe nayo. Huruma ni kazi ya watu waliojiunga pamoja, nao ni chama, serikali na vyama vya wafanyakazi.

Wako pia watakaosema: ongezeni mshahara tu, mengine yatajipanga. Nao twawajibu. Nyongeza kubwa inayongojwa miaka mingi, kisha ikatangazwa kwa kishindo miezi miwili kabla ya kulipwa, ni kama kupiga mbiu kwamba fedha inakuja. Mwenye chumba cha kupanga husikia mbiu hiyo kabla ya mpangaji. Na kati ya bei zote, kodi ya nyumba ndiyo isiyo na orodha, wala mizani, wala mkaguzi, tena mijini hudaiwa ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mara moja. Mtumishi aliyepata nyongeza mwezi wa Julai aweza kuikuta nyongeza hiyo imekwisha kuandikwa katika mkataba mpya wa chumba chake. Naye jirani yake anayechuuza samaki, ambaye hakupata nyongeza yo yote, huongezewa kodi ile ile. Huyo ndiye mwenye kuumia kuliko wote, wala hakuna aliyemshangilia Singida.

Basi tufanye nini? Sisi tunayo mambo matano, nayo si ya ajabu.

La kwanza, mshahara upandishwe kidogo kidogo na kwa kawaida, kila mwaka, kwa kufuata gharama za maisha, badala ya kungoja mpaka njaa ipige hodi. Haba na haba hujaza kibaba. Nyongeza ndogo inayojulikana haimshtui mwenye duka, nayo humwezesha mfanyakazi kupanga maisha yake. Tena itangazwe kwa maneno yanayoeleweka. Mwaka 2022 ilipotangazwa asilimia 23.3, watumishi wengi walidhani ni ya kila mtu, kumbe ilikuwa ya kima cha chini. Mwisho wa Julai ulipofika, wengi waliishika karatasi ya mshahara kwa uchungu. Neno lisiloeleweka humfanya mtu aichukie hata nyongeza aliyopewa.

La pili, zishikwe bei chache, zile zinazoshikika. Bei elfu tatu hazishikiki, hilo tumelijifunza. Lakini petroli huingia kwa bandari chache na huuzwa kwenye pampu zenye namba. Ndiyo sababu mamlaka inayoangalia nishati na maji imeweza kutangaza bei ya kikomo kila mwezi, na bei ile ikafuatwa. Mwezi wa Juni 2022, vita vya Ukraine vilipoipandisha petroli, serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100, na nafuu ilionekana pampuni. Palipo na mlango mmoja, bawabu mmoja atosha. Tusiwape mabawabu kazi wasiyoiweza, maana bawabu aliyeshindwa huanza kupokea hongo.

La tatu, dawa ya bei ya chakula ni ghala, wala si tangazo. Yusufu kule Misri hakupanga bei ya ngano; aliijaza ghala miaka ya shibe ili apate la kutoa miaka ya njaa. Sisi tunao wakala wetu wa hifadhi ya chakula. Akinunua kwa mkulima wakati wa mavuno kwa bei ya kumtia moyo, tena akalipa papo hapo, kisha akauza sokoni wakati wa uhaba, atakuwa amemlinda mkulima na mfanyakazi kwa gunia moja. Mlanguzi haogopi gazeti la serikali. Huogopa lori la mahindi linalofika sokoni asubuhi yake.

La nne, kujibana kuanzie juu. Mwaka 1966 mfano ulionyeshwa kabla ya amri kutolewa, na ndiyo sababu amri ilisikilizwa. Siku yo yote ile viongozi watakapotaka kuwaomba wafanyakazi wavumilie, na siku za namna hiyo zitakuja tena, maana dunia haina utulivu, waanze na posho zao, safari zao na magari yao. Mtu aliyeshiba akimhubiria mwenye njaa habari za subira, hata kama asemayo ni ya kweli, hayasikiki.

La tano ni letu wenyewe, wafanyakazi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa kila mwezi hesabu ya mfumuko wa bei, nayo ni kazi ya kitaalamu tunayoiheshimu. Lakini hesabu ile ni ya wastani wa taifa zima. Kikapu cha mfagiaji si kikapu cha meneja. Mwenye mshahara mdogo hula karibu wote: unga, maharage, mafuta ya kupikia, mkaa, nauli, kodi ya chumba. Kwa hiyo twapendekeza kila tawi la chama cha wafanyakazi liwe na daftari lake la bei. Siku moja ile ile ya kila mwezi, watu wawili waende soko lile lile na waandike bei ya vitu kumi vile vile, kwa kilo na si kwa kopo. Kazi hiyo haihitaji profesa. Inahitaji penseli, uaminifu na mazoea. Viongozi wa tawi watakapokwenda mezani kujadili mishahara, wasiende na malalamiko. Waende na daftari. Mwenye daftari la miaka mitatu hawezi kuambiwa kwamba bei hazikupanda.

Wala tusisahau wajibu wetu mwingine. Bei hushuka vitu vinapokuwa vingi, na vitu huwa vingi watu wanapofanya kazi. Mfanyakazi anayefika saa mbili na nusu na kuondoka saa nane, akidai nyongeza, anadai sehemu ya chungu ambacho hakukitia maji. Asilimia 5 ya mwaka 1967 ilifungwa pamoja na kazi, na fungamano hilo lilikuwa sahihi. Tunachokataa ni fungamano lisilo na upande wa pili: kazi iongezeke, mshahara ungoje, na bei iende zake.

Ndugu wafanyakazi, ndugu wakulima, mapatano ya kuvumiliana ni jambo la heshima katika taifa. Watu wasioweza kujinyima kwa pamoja hawawezi kujenga kwa pamoja. Wazazi wetu walijinyima, wengi wao bila kulalamika, kwa kuwa waliambiwa kwamba kila mtu anajinyima. Waligundua baadaye, wakiwa katika foleni, kwamba wengine walikuwa wanapita mlango wa uani. Kilichowavunja moyo haikuwa njaa, maana njaa walikuwa wameijua tangu zamani. Kilichowavunja moyo ni kuona kwamba mlango wao peke yao ndio uliofungwa.

Basi siku nyingine itakapotolewa sauti ya kuomba subira, na tuisikilize kama raia wema. Lakini kabla ya kuitika, tumtume mmoja wetu sokoni na daftari. Akirudi na habari kwamba unga upo, kwa bei iliyosemwa na kwa kilo iliyotimia, tutaitika sote, na kwa moyo mmoja.